Inua mkono mapema: Siku moja Wasini kwa boti, hata kama hujui kuogelea

Boti imeondoka Shimoni kama dakika kumi zilizopita. Spika ndogo ya beste wako inapiga muziki, simu ziko hewani, na upepo umeshaharibu nywele ambazo watu walizilipia jana. Ghafla nahodha anapunguza injini, anageuka na kuuliza: “Jamani, nani hapa hajui kuogelea? Inueni mikono niwaone.”

Kimya. Mko kumi na wawili, na hakuna hata mkono mmoja.

Wewe unajifanya unatafuta kitu kwenye begi. Unajua vizuri kwamba maji mengi zaidi uliyowahi kuingia ni yale ya bwawa la hoteli fulani, upande wa watoto, na hata hapo ulikuwa umeshika ukuta. Lakini yule uliyemwalika kwa wiki tatu ameketi mbele yako. Jamaa wa kazini naye anakutazama akitafuta cha kucheka. Unanyamaza.

Hebu tuongee kuhusu huo mkono. Wengi wetu tuliokulia Nairobi, Nakuru au Eldoret hatukufunzwa kuogelea. Shule zetu hazikuwa na bwawa, na mtoni mama alisema usiende. Hilo si kosa lako wala si aibu. Kosa ni kudanganya ukiwa ndani ya boti, kwa sababu nahodha atapanga siku nzima kulingana na jibu ulilompa.

Na habari njema ni hii: hujui kuogelea na bado unaweza kuona matumbawe, pomboo na samaki wa kila rangi, ule kaa hadi vidole vinuke, urudi nyumbani mzima. Watu hufanya hivyo kila msimu. Unahitaji kujua mambo kadhaa kabla hujatuma pesa za kuhifadhi nafasi.

Kwanza, uko wapi?

Wasini ni kisiwa kidogo mbele ya kijiji cha Shimoni, Kaunti ya Kwale, kusini kabisa mwa pwani yetu, karibu na mpaka wa Tanzania. Kutoka Mombasa ni takriban kilomita 80. Nyuma ya kisiwa hicho, kuelekea bahari kuu, kuna mbuga ya baharini ya Kisite yenye ukubwa wa kilomita 28 mraba, na hifadhi ya Mpunguti yenye kilomita 11 mraba. Zote husimamiwa na Shirika la Huduma za Wanyamapori (KWS). Kisite ni marufuku kuvua samaki. Mpunguti wavuvi wa eneo hilo huruhusiwa kuvua kwa njia za kienyeji. Hiyo ndiyo sababu samaki wa huko hawakimbii wakiona kivuli cha mtu: wamelindwa tangu miaka ya 1970.

Ukitoka Nairobi, chukua treni ya Madaraka Express au basi la usiku. Usijaribu kushuka treni ya usiku na kupanda boti asubuhi inayofuata bila kulala vizuri. Uchovu na mawimbi haviendi pamoja. Lala Mombasa, Ukunda au Diani, kisha mwende Shimoni mapema. Kutoka Mombasa utavuka feri ya Likoni, au mkiwa na gari mtatumia barabara ya Dongo Kundu mkwepe foleni. Matatu za kuelekea Lunga Lunga zitakuacha kwenye njiapanda ya Shimoni, na kutoka hapo kuna boda na matatu za kukufikisha baharini.

Sasa tuje kwa msimu, maana hapa ndipo watu wa bara huumia. Bahari ina kalenda yake. Kaskazi huvuma kuanzia mwisho wa mwaka hadi karibu Machi: maji hutulia na unaona hadi chini. Kusi huvuma katikati ya mwaka, na Juni au Julai mawimbi yanaweza kukufanya ujute kuzaliwa. Kati ya misimu hiyo miwili kuna siku nzuri pia, lakini lazima umuulize mtu wa huko. Ukiona bei imeshuka ghafla mwezi wa sita, uliza kwanza hali ya bahari kabla hujaanza kuwapigia mabeste simu.

Halafu kuna maji kujaa na kupwa. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili karibu kila siku, na saa husogea mbele kila siku. Mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji huenda mbali zaidi pande zote mbili, na watu wa pwani huita hiyo bamvua. Kwa nini ujali? Kwa sababu karibu na Kisite kuna fungu la mchanga mweupe ambalo huonekana maji yakiwa yamekupwa, kisha bahari hulimeza tena. Ile picha uliyoiona Instagram, mtu amesimama katikati ya bahari kama ametembea juu ya maji, ilipigwa saa hiyo. Ukifika saa isiyofaa hutaona fungu, na hakuna wa kumlaumu. Muulize nahodha siku mbili kabla: “Jumamosi maji yanakupwa saa ngapi?” Nahodha wa kweli atakujibu papo hapo bila kugusa simu.

Kuchagua boti

Shimoni ukishuka tu utazungukwa na vijana wa rika lako, kila mmoja na boti yake, kila mmoja na bei yake. Usiwadharau. Wengi wao wamezaliwa hapo na wanajua mkondo wa maji kuliko unavyojua mitaa ya Umoja. Wasalimie, sikiliza, kisha uliza maswali haya bila haya.

Boti inabeba watu wangapi kisheria, na leo mtakuwa wangapi? Kuna jaketi la kuokoa maisha kwa kila mtu, mabaharia wakiwemo? Omba kuyaona, usikubali kuambiwa yako ndani ya kisanduku. Kuna boya la duara na kamba? Injini ikizima baharini, mpango ni upi? Nani ataingia majini pamoja nasi? Na mwisho, bei hiyo inajumuisha nini: ada ya KWS, miwani ya kuzamia, chakula, maji ya kunywa?

Swali la ada ni muhimu kwa sababu ada ya mbuga hulipwa kando, kupitia eCitizen, na hapo ndipo watu hugombania wakiwa tayari ufuoni. Beba kitambulisho chako. Bila hicho huwezi kuthibitisha kwamba wewe ni Mkenya, na bei ya mgeni kutoka ng’ambo itakufanya ukumbuke ulikokiacha.

Ukiwa na chama au kikundi cha marafiki, kodini boti nzima badala ya kulipia kiti kimoja kimoja. Mara nyingi hugawanyika vizuri, na mnakuwa na nahodha wenu siku nzima.

Ukisikia, “Ah, usijali, leo bahari ni shwari, hatuhitaji jaketi,” asante, tafuta boti nyingine. Hata kama ni nafuu kwa elfu moja. Hata kama mabeste wameshapanda na wanakuita uache uoga. Mtu wa kwanza kushuka huonekana mshamba kwa dakika tano hivi. Wa pili hushuka naye.

Na nahodha asiyeuliza nani hajui kuogelea ndiye wa kuogopa. Anayeuliza anakujali.

Rudi kwenye boti

Kwa hivyo swali limeulizwa na bado hujainua mkono. Sawa. Bado hujachelewa. Inuka uende nyuma alipo nahodha, umwambie kwa sauti ya kawaida: “Nahodha, mimi sijui kuogelea, lakini nataka kuona samaki.”

Unajua atakachofanya? Hatacheka. Atakuambia, “Hakuna shida mwanangu, utaenda na huyu kijana,” na ataonyesha mmoja wa mabaharia wake. Tangu hapo kuna macho mawili ambayo kazi yake ni wewe. Hiyo ndiyo huduma uliyolipia, na ungeikosa kwa sababu ya kunyamaza dakika moja. Angalia pia kitakachofuata: ukishasema wewe, wengine wanne watasogea nyuma mmoja mmoja. Akiwemo yule jamaa wa kazini.

Vaa jaketi sasa, usingoje kufika. Funga vifungo vyote, halafu mwambie mwenzako alivute juu kwa mabega. Likipanda hadi masikioni ni kubwa mno, omba jingine. Jaketi lisilofungwa ni pambo tu.

Kama tumbo lako huchafuka ukiwa kwenye matatu ya milimani, meza dawa ya kichefuchefu kabla ya kupanda, keti nyuma ya boti ambako mtikisiko ni mdogo, na tazama mbali mahali ambapo mbingu hukutana na bahari. Weka simu chini. Kusoma meseji wakati boti inayumba ndiyo njia ya haraka zaidi ya kurudisha chai ya asubuhi.

Ukibahatika, pomboo watatokea. Eneo hili lina pomboo wanaoishi hapa mwaka mzima. Nahodha mzuri hapigi injini kuwafukuza, wala hapiti katikati ya kundi. Anapunguza mwendo, anangoja, na wakitaka wanakuja wenyewe. Mwambie hivyo ukiona anawakimbiza ili mpate video. Video itapatikana tu.

Kuingia majini

Mmefika Kisite. Maji ni ya kijani hafifu, unaona kivuli cha boti juu ya matumbawe chini kabisa. Moyo unadunda. Ni kawaida.

Acha wigi kwenye begi. Miwani ya kuzamia haizibi vizuri nywele zikipita chini yake, na ndevu nyingi hufanya vivyo hivyo. Tema mate kidogo ndani ya kioo, paka, suuza, na ukungu hautakusumbua. Pumua kwa mdomo kupitia mrija, polepole, ukiwa bado umeketi ndani ya boti, hadi mwili uzoee. Ukiruka hatua hii, utaijaribu kwa mara ya kwanza ukiwa majini, na hapo ndipo watu hubabaika.

Shuka kwa ngazi, usiruke. Maji ya chumvi hubeba mtu vizuri kuliko maji ya bwawa, na jaketi litafanya kazi iliyobaki. Sekunde thelathini za kwanza utataka kupanda juu ya kichwa cha mtu. Usifanye hivyo. Lala chali, tazama mbingu, hesabu pumzi kumi. Utagundua kwamba huzami. Kisha shika boya la duara, weka uso majini, na yule kijana atakukokota taratibu.

Hapo sasa, mse, ndipo stori inaanza. Utaona pono wa rangi ya bluu na kijani wakitafuna matumbawe, na ukitulia utawasikia wakiyavunja kwa meno. Matumbawe wanayoyameza hutoka nyuma yakiwa mchanga. Ndiyo, sehemu ya ule mchanga mweupe unaopigia picha ni kinyesi cha pono. Unaweza kuona taa amejilaza chini, au kasa akipita bila haraka yoyote.

Matumbawe yenyewe ni viumbe hai, wanyama wadogo sana waliojenga nyumba pamoja kwa miaka mingi. Usiyakanyage, usiyashike, usivunje kipande ukampelekee mtu. Mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi wakati wa El Nino, na matumbawe mengi ya pwani yetu yalipauka na kufa. Wenyeji wa Wasini ni miongoni mwa jamii ambazo zimekuwa zikipanda matumbawe upya, kipande kwa kipande. Mguu wako mmoja unaweza kuvunja kazi ya miaka. Isitoshe yanakata, na kidonda cha matumbawe hakiponi upesi.

Vaa fulana ukiwa majini. Ngozi nyeusi pia huungua, na mgongo ndio utakaokuambia jioni ukijaribu kulala. Kaa karibu na boti, na kuwa na mwenzako mmoja mnayeangaliana. Mtu anayezama huwa hapigi kelele wala hapungi mkono kama kwenye filamu. Mara nyingi yuko kimya, kichwa kimelala nyuma, mdomo uko usawa wa maji. Ukiona mwenzako amenyamaza ghafla, muite jina. Asipojibu, piga kelele wewe kwa niaba yake na umrushie boya. Usimrukie kama hujui kuogelea, mtazama wawili.

Na kuna jambo moja ambalo lazima lisemwe waziwazi. Usimsukume mtu majini ili upate video ya kuchekesha. Hujui kama ni mmoja wa wale walionyamaza nahodha alipouliza. Kama ni wewe mwenye kamera na rafiki anajiandaa kumsukuma mwingine, zima kamera. Bila kamera mchezo huisha. Pombe nayo ingoje jioni, mkiwa nchi kavu.

Chakula

Mnafika Wasini njaa ikiwa imewashika kisawasawa. Kuogelea kabla ya kula ndio utaratibu wa huku, na utaelewa sababu ukiona sahani. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, pweza, na kaa mzima anayeletwa na kigongo cha mbao cha kumvunjia. Usione haya kula kwa mikono. Hakuna namna nyingine ya kumla kaa. Kama hauli vyakula vya baharini, sema wakati wa kuhifadhi nafasi ili upikiwe kuku au mboga. Ukisema ukiwa mezani, utakula wali na ndimu.

Baada ya chakula usilale tu chini ya makuti. Tembea kijijini. Wasini haina magari. Ni kijiji cha Wavumba, Waswahili wenye lahaja yao wenyewe, Kivumba, na ukisikiliza vizuri wazee wakiongea utasikia Kiswahili ambacho hujawahi kukisikia darasani. Kwa vizazi vingi watu hapa wamekinga maji ya mvua kwa sababu ya uhaba wa maji baridi, kwa hivyo usiache mfereji wazi ukijisuuza chumvi.

Hiki ni kijiji cha Waislamu, watu wanaishi hapa, si seti ya filamu. Jifunge leso, vaa shati, uliza kabla ya kumpiga mtu picha. Ukikutana na bibi kizee mlangoni, sema “Shikamoo.” Atakuitikia “Marahaba,” na huenda ukaelekezwa njia bila hata kuuliza.

Omba kupelekwa kwenye daraja la mbao la kina mama. Linapita juu ya matumbawe ya kale yaliyosimama nchi kavu kama sanamu, kisha linaingia kwenye mikoko. Maji ya bamvua huja hadi hapo. Ada ndogo unayolipa inaenda kwa kikundi cha wanawake wa kisiwa. Hapo pesa yako unaiona inakoelekea.

Mkirudi Shimoni na mkiwa bado na nguvu, ingieni kwenye mapango yaliyokipa kijiji jina lake. Jamii ya hapo ndiyo inayoyasimamia, na mwongoza wageni atakusimulia habari za watumwa waliofungiwa humo wakisubiri kusafirishwa. Ni tulivu humo ndani. Zima muziki.

Jumatatu

Mtarudi bara na chumvi masikioni na picha mia mbili. Utaposti, utapata likes, maisha yataendelea. Lakini fanya jambo moja kabla wiki haijaisha: tafuta bwawa karibu na kwako na mwalimu wa kuogelea. Mjini kuna mabwawa mengi ya kulipia kiingilio, na walimu wanaofunza watu wazima wikendi. Mtakuwa wengi wenye umri wenu, wote mmeshika ukuta. Miezi michache ya kuchangamkia jambo hili, na utaweza kuelea bila jaketi, kugeuka na kurudi ukingoni.

Kisha rudi Wasini kaskazi ijayo. Nahodha atauliza swali lile lile, na boti itanyamaza kama kawaida. Hata kama sasa unajua kuogelea, mtazame yule aliyeanza kupekua begi bila kutafuta chochote, umsogelee, umwambie kwa sauti ya chini: “Mimi pia mwaka jana sikujua. Mwambie tu.”